Dirisha Nililolipigia Msumari

Siku moja ya mwezi wa saba siwezi kuisahau, hata nikitaka. Siku hiyo nilichukua nyundo na msumari wa inchi nne, nikapigilia dirisha la chumba alimolala mke wangu na mtoto wetu wa siku tisa, huku nikijiona ndiye mwenye akili kuliko watu wote wa Njombe. Mwanangu, kaa vizuri unisikilize. Habari hii siisimulii kwa kujifurahisha. Naisimulia kwa sababu nawaona mnavyoishi siku hizi. Mtu akifanya jambo moja likamwendea vizuri, kesho yake tayari ni mwalimu wa wenzake. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, na nusura nizike watu wawili.

Kwanza unijue. Nimesoma hadi darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Miti niliyonayo, malori, nyumba, hakuna aliyeniachia. Sitajifanya mnyenyekevu hapa, najivunia jasho langu. Lakini mtu aliyejitengeneza mwenyewe ana ugonjwa wake, na bora nikutajie mimi kuliko uje uugue ukiwa hujui jina lake. Hujiona yeye ndiye kipimo. Ukimwambia jambo, hajiulizi kama ni kweli, anajiuliza kama lilimtokea yeye. Kama halikumtokea, basi halipo.

Nilianzia Makambako, kwenye kiwanda cha kupasulia magogo, nikipakia mbao. Unaujua upepo wa Makambako. Ule haubishi hodi. Sisi wapakiaji tulilala kwenye vyumba vya mabanzi nyuma ya kiwanda, yaani zile mbao za pembeni zenye magome ambazo mashine huzitupa. Kati ya banzi na banzi kidole kilipita, na sehemu nyingine viwili. Kila jioni niliwasha jiko la mkaa nje, mkaa ukishika nikaliingiza ndani, nikalala nalo karibu na kitanda hadi asubuhi. Wazee wa pale walisema, "Kijana, mkaa unaua." Niliwajibu kwa kupiga kifua. Mwaka wa kwanza sikufa. Wa pili sikufa. Nikakaa miaka sita.

Katika miaka hiyo alikufa jirani yangu wa chumba cha pili, Kastori. Alitoka upande wa Matamba, kule kwenye baridi kuliko kwetu, lakini aliiogopa baridi kuliko sisi sote, na tulimtania sana. "Wewe Kastori, mlimani kwenu walikufukuza au ulitoroka?" Naye hujibu, "Nilitoroka, na ninyi mmekaa kama mizoga, hamjui hata kutengeneza chumba." Kweli chumba chake kilikuwa kizuri kuliko vya wote. Asubuhi moja hakuja kazini. Tulivunja mlango, tukamkuta amelala kama mtu anayeota ndoto nzuri, jiko pembeni limebaki majivu. Tuliombeba tulikuwa wanne. Mimi nilishika miguu.

Wazee wakasema, "Mnaona? Mkaa huo."

Nikasema, "Ulanzi huo. Jana alikunywa."

Jana yake alikunywa vikombe viwili vya pombe hiyo ya mianzi, kama nilivyokunywa mimi, kama walivyokunywa wote. Hilo nililijua. Lakini nilitaka jibu ambalo halinihusu, nikalipata, nikalala nalo. Usiku ule ule niliingiza jiko langu ndani.

Mungu akanijalia, nikaacha kupakia mbao za watu, nikaanza kununua na kuuza za kwangu. Nikarudi Njombe nikaoa, mke wangu Estelina, binti wa kijiji kimoja upande wa Ilembula. Wakati wa kujenga tulikaa kwenye kibanda cha mabanzi pale pale kiwanjani, na jiko letu, na hakuna lililotupata. Kisha nyumba ikaisha. Matofali ya kuchoma, bati, madirisha ya vioo, dari. Watu walisimama barabarani kuitazama. Fundi alikuwa ameacha matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Nilipoyaona nikamwita.

"Haya nini?"

"Matundu ya hewa, bosi. Haya hatuyazibi."

"Wewe umewahi kukaa Njombe mwezi wa saba?"

"Nimezaliwa hapa, bosi."

"Basi unajua baridi yake. Ziba."

Akaziba kwa saruji. Alinitazama kidogo, lakini alikuwa anakula kwangu. Mtu anayekula kwako hakwambii mara mbili.

Estelina alijifungua mwezi wa sita mwishoni, mtoto wa kike. Mama yake akaja kumlea mzazi, kama ilivyo desturi. Sasa hapa lazima nikueleze jambo, maana ninyi wa leo mnakaa na wakwe zenu sofa moja mkitazama mpira. Enzi zetu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutazamana usoni. Hamkai chumba kimoja. Hakutaji jina, nawe humtaji. Mkikutana njiani mmoja anapisha pembeni. Ni heshima, na ilikuwa na uzuri wake. Kwa hiyo mama yule alipokuwa na neno la kuniambia, alimwambia Estelina kwa sauti ya kunifikia mimi. Nami nilimjibu Estelina kwa sauti ya kumfikia yeye. Estelina amekaa katikati na mtoto kifuani kama posta.

Mtoto mchanga, baridi ile, nyumba mpya. Nilifanya nini? Nililofanya miaka yote. Niliingiza jiko chumbani, si usiku tu, mchana na usiku.

Siku ya pili tangu afike nikasikia, "Estelina, humu ndani kichwa kinaniuma."

Nikiwa sebuleni nikajibu, "Mwambie mama ni safari."

Kesho yake, "Estelina, nilipokuwa kisimani kichwa kilipona. Nimerudi humu kimeanza tena."

"Mwambie mama anywe chai ya moto."

Siku iliyofuata akaja na hesabu yake kamili. Mama yule hakusoma hata siku moja. "Estelina, mwambie baba hivi. Nimetoka mara tatu, kichwa kimepona mara tatu. Nimeingia mara tatu, kimeuma mara tatu. Mara ya kwanza nilisema uzee. Mara ya pili nilisema safari. Ya tatu nasema ni chumba. Na wewe mwenyewe jana ulisema unasikia kichefuchefu."

Nilisimama mlangoni, nimegeukia ukuta kama desturi inavyotaka, nikaongea na matofali yangu. "Mwambie mama mimi nimelala na jiko miaka sita Makambako. Miaka sita! Mkaa ungekuwa unaua, wa kwanza ningekuwa mimi."

Mtoto alipiga chafya. Kisha sauti ya taratibu, "Mwambie nimesikia."

Sasa ndiyo siku yenyewe. Ukungu ulikuwa umekaa tangu alfajiri, na manyunyu yale ya Njombe ambayo si mvua lakini yanakulowesha hadi mfupani. Mchana nikapita chumbani, nikakuta dirisha limefunguliwa.

"Nani amefungua?"

"Mama," Estelina akasema. Alikuwa amejilaza, uso umemlegea. "Anasema tupate hewa kidogo."

"Mtoto wa siku tisa! Na ukungu huu! Mnataka nimzike?"

Nikafuata nyundo na msumari. Nikafunga dirisha, nikapigilia fremu. Pigo la kwanza mtoto akashtuka, akaanza kulia. Nikapiga la pili, la tatu, hadi kichwa cha msumari kikazama kwenye mbao. Nilipoinua uso, nikamwona mama mkwe nje ya kioo, ameshika beseni la nguo za mtoto, ananitazama. Macho yetu yakakutana kwa mara ya kwanza. Nilitegemea ainame. Alichelewa. Alinitazama kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili, kisha akainama, akaenda kisimani.

"Funga mlango na komeo," nikamwambia Estelina, "upepo usiusukume." Nikasikia komeo likiingia mahali pake. Lilikuwa komeo la chuma, nililichagua mwenyewe dukani. Nikaondoka nimeridhika.

Nyuma ya nyumba nilikuwa na mteja wa mbao kutoka Makambako, amekuja na gari lake. Tulikuwa tunachambua mbao, hii imepinda, hii ina jicho. Sijui ulipita muda gani. Nikamsikia mama mkwe akiita, "Estelina! Estelina!" Sikujali, watu huitana. Akaita tena, kwa sauti nyingine. Kisha nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu nioe.

"Gidioni!"

Jina langu. Mama mkwe ameniita jina langu, kavu, mbele ya mgeni.

Mteja akacheka. "Bosi, nani huyo anakuita kama kachanga kake?"

Nikuambie ukweli, mwanangu, maana uongo hapa hautakusaidia. Sikukimbia kwa hofu. Nilienda kwa hasira. Kila hatua nilikuwa napanga maneno ya kumrudisha mahali pake. Nilipozunguka kona nikamkuta mbele ya dirisha, ameshika mchi wa kinu kwa mikono miwili.

"Hawaitiki," akasema, akinitazama usoni.

"Wamelala, mama."

"Nilipoondoka mtoto alikuwa analia. Mtoto wa siku tisa hanyamazi hivi kwa kelele nilizopiga. Vunja mlango, Gidioni."

Nikasimama. Unasikia? Nikasimama. Nilikuwa naufikiria mlango wangu mpya. Na yeye hakunisubiri, akainua mchi akapiga kioo. Vioo vikamwagika ndani, na ndani hakuna aliyeshtuka. Hapo ndipo nilipolirukia dirisha. Nikauvuta ubao wa dirisha, haukusogea, msumari wangu umeshika. Nikapitisha mkono kwenye vioo, ukachanika, nyuma kuna nondo nilizoweka kuzuia wezi. Nikakimbilia mlango. Nikapiga teke, mlango unanicheka. Kila kitu nilichokijenga kwa uimara kilikuwa kinanizuia. Mteja alikuja na ubao mnene begani, tukaushika wawili, tukaupigiza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, komeo likang'oka na kipande cha fremu.

Nilichokutana nacho kwanza ni joto. Joto zuri, la kubembeleza. Hadi leo nikiingia chumba chenye joto zuri namna ile, moyo unaruka.

Estelina alikuwa sakafuni, uso chini, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Alikuwa ameanza safari hakuifikisha. Mtoto kitandani, ndani ya mablanketi matatu, hana sauti. Mama mkwe alinisukuma begani kunipita, yeye ambaye hata kivuli changu alikuwa hakikanyagi, akamnyakua mtoto akatoka naye hadi uwanjani, akamvua mablanketi yote kwenye manyunyu yale. Mimi na mteja tukamburuta Estelina.

Na unajua nilisema nini? Nilipiga kelele, "Mfunike! Atakufa baridi!"

"Nyamaza!" akasema. "Baridi haijamfanya kitu mtoto huyu. Joto lako ndilo."

Akamsugua kifua. Akamsugua nyayo. Akampuliza usoni. Mtoto analegea mikononi mwake kama nguo iliyofuliwa. Mteja alivua kofia. Nilimwona akivua kofia, nikataka kumkaba koo, maana nilijua maana yake. Estelina alikuwa magotini mwangu anakoroma. Nikasema Mungu nichukulie malori, wakati huo sikuwa na lori hata moja, lakini nikasema nichukulie yote. Mama anasugua. Ukungu umetuzunguka, hakuna jirani anayeonekana, ni sisi tu, na sauti ya kiganja chake kwenye ngozi ile ndogo.

Kisha ikatoka sauti nyembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ikanyamaza kidogo, ikaja tena. Ikawa kilio. Estelina akatapika juu ya viatu vyangu, na sijawahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia matapishi yale.

Tuliwapeleka hospitali kwa gari la mteja. Walilazwa, wakawekewa hewa ya mtungi. Mganga aliniuliza swali moja tu, "Mlikuwa na jiko ndani?" Nikainamisha kichwa. Hakuniuliza jingine.

Mwanangu, usiinuke bado. Hapo wengi wangemalizia. Wangesema mzee alikosea, akajifunza, kwaheri. Mimi nilikosea mara ya pili, na kosa la pili ndilo lililonifanya nikusimulie.

Waliporuhusiwa nilikuwa nimeshaamua. Niliwahamishia vitu vyote kwenye kile kibanda cha mabanzi. Nikatangaza kwamba nyumba ya matofali inaua. Nyumba ile nitaiuza, na kama hapatikani mnunuzi nitaibomoa. Tulikaa na jiko kwenye mabanzi hatukufa, tumeingia kwenye matofali tumekaribia kufa, sasa unataka ushahidi gani tena? Kuna jirani alikuwa anachoma matofali yake, tanuru linawaka, nikamwendea nikamwambia azime, asijenge kaburi. Akanitazama, akamwambia mkewe, "Huyu naye moshi umempanda."

Jioni nikamwona mama mkwe amekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda. Hakuondoka. Hakuinama. Alinisalimu kwa lugha ya kwetu, na hakumtumia Estelina.

"Kamwene, Gidioni."

"Kamwene, mama."

"Keti. Desturi nimeivunja tayari, nitaiunganisha nikifika kwangu. Wiki iliyopita ulisema mkaa hauui kwa sababu wewe hukufa. Leo unasema matofali yanaua kwa sababu mke wako alianguka ndani yake. Mimi sina shule. Lakini naona ni mtu yule yule, na kuruka kule kule. Umegeuka tu upande wa kurukia."

Nikaketi.

"Lete jiko," akasema.

Nikaleta. Akachuma majani mabichi ya mkaratusi, akaingia na jiko kibandani, akayatupa juu ya mkaa, akatoka akafunga mlango. "Tazama." Moshi ukaanza kutoka. Ulitoka kila mahali. Kati ya banzi na banzi, juu chini, kibanda kizima kikafuka kama ng'ombe aliyelowa akisimama juani. Muda mfupi baadaye akafungua mlango, ndani tukaona kila kitu.

Akabeba jiko kwenda nyumba kubwa. Akaziba kile kioo kilichovunjika kwa blanketi, akatupa majani, tukasimama mlangoni, tukarudishia mlango ule uliong'oka komeo na kuchungulia. Moshi ulipanda hadi darini. Ukakaa. Kisha ukaanza kushuka, taratibu, hauna pa kwenda. Ukafika usawa wa dirisha. Ukafika usawa wa kitanda. Niliangalia ukifunika mahali alipokuwa amelala mtoto wangu, hadi mto haukuonekana.

"Mkaa mkavu hauna moshi wa kuona," akasema, "ndiyo maana ukadhani hauna kitu. Lakini nao una njia zake. Kule kwenye mabanzi hukulindwa na kifua chako. Ulilindwa na nyufa, zile ulizokuwa unazitukana kila siku kwa baridi."

Ningepaswa kunyamaza hapo. Lakini mtu mbishi huwa na karata moja ya mwisho. Nikasema, "Mama, lakini Makambako kuna mwenzangu alikufa kwenye mabanzi hayo hayo. Kama nyufa zinalinda, mbona yeye hazikumlinda?"

Nilidhani nimempata. Aliniuliza tu, "Chumba chake kilikuwa kama chako?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo, nikaufunga. Maana chumba cha Kastori hakikuwa kama changu. Nimekwambia kilikuwa kizuri kuliko vya wote. Kilikuwa kizuri kwa sababu wiki ile alikusanya maboksi dukani, akayapigilia ukutani kote ndani, na juu yake nailoni, hadi upepo ukakosa pa kupita. Na alikuwa hawezi kushika boksi na kupiga nyundo kwa wakati mmoja. Kuna mtu alimsaidia. Mtu huyo alikuwa anamtania, "Sasa Matamba watakuonea wivu."

Misumari nilipiga mimi.

Nilimbeba miguu, mwanangu, nikapita katikati ya kuta zile zile, maboksi nayaona kwa macho yangu, nikasema ulanzi. Kastori alikuwa ameniachia somo lote pale ukutani. Kama ningelisoma, nisingechukua nyundo mara ya pili. Nilikaa chini uwanjani nikalia, mtu mzima, mbele ya mkwe wangu. Yeye akageukia pembeni asinitazame. Hapo ndipo alipoirudisha desturi.

Kesho yake nilimwita fundi. "Zibua yale matundu."

"Yapi, bosi?"

"Yote."

Alifanya kazi siku mbili, na nikamlipa bila kupatana bei. Tukarudi nyumbani kwetu. Jiko halikuingia tena chumba cha kulala, si kwa matundu wala kwa dirisha wazi, halikuingia kabisa, na nakuomba nawe usiliingize kwako. Baridi ongeza blanketi. Kile kitoto sasa ni mwalimu huko Ludewa, ana watoto wake, na sauti yake bado nyembamba.

Juzi vijana wa kanisani wameniita niwaeleze nilivyotoboa. Walikuja na madaftari. Mmoja akasema, "Mzee, tupe siri, sisi tufuate." Nikawaambia nilipanda miti nikafanikiwa, halafu nikawauliza, mnajua ni nini kilinibeba? Ardhi nilipewa na mjomba bure. Barabara ilipita karibu. Miaka yote ile moto wa msituni haukupita kwangu, ulipita kwa jirani, na jirani huyo hamkumwita kuzungumza leo, naye alipanda vizuri kuliko mimi. Wakaacha kuandika. Nadhani waliudhika kidogo.

Basi neno langu ni hili. Maisha yako ni shule, usiyadharau, mimi nyingine sina. Lakini likikuendea jambo vizuri, kabla hujapiga kifua, jiulize kulikuwa na nini kingine pale ambacho hukukiona, ufa gani ulikuwa unakupumulia bila wewe kujua. Kisha mtafute yule ambaye jambo hilo hilo halikumwendea. Usimpachike ulanzi haraka. Nenda katazame kuta zake. Na ukumbuke waliokufa hawaji kutoa ushuhuda, kwa hiyo ukisikia mia wanasifu, ujue wengine hawapo kwenye kikao. Na ukiungua, usiruke upande wa pili kwa nguvu zile zile. Chukua majani mabichi, jaribu kwa kitu kidogo ambacho ukikosea hakikuachi na jeneza, kabla hujalaza mtoto wako juu ya unachokiamini. Na mtu akikwambia kichwa kinamuuma ndani ya nyumba yako, hata kama hana shule, hata kama anaongea kwa kupitia kwa mwingine, mwulize ametoka mara ngapi na kimepona mara ngapi.

Mama yule amelala kaburini sasa, huko kwao. Msumari niliung'oa siku ile matundu yalipozibuliwa, lakini tundu lake kwenye fremu sijaliziba. Watoto wamepaka rangi nyumba mara nyingi, na kila mara nawaambia waliache.

Nenda sasa. Mungu akupe nyumba yenye joto na mahali pa upepo kupita. Akupe watu wa kukuita kwa jina lako siku utakapokuwa umekosea, na akupe miguu ya kwenda ukiitwa. Watoto wako walie kwa sauti, nawe uwasikie.